Nyimbo Tano za Kuchemshia Sindano

Mkitaka kujua kama sindano imenoleka, ipitisheni kwenye pamba. Ikitoka na nyuzi, bado ina kijino, irudisheni kwenye jiwe. Ikitoka safi, mnaweza kumchoma hata mkwe wenu na heshima ikabaki. Najua mnacheka. Ninyi wauguzi wa leo sindano mnaichana kwenye karatasi yake, mnachoma, mnatupa, mnaita anayefuata. Sisi sindano moja tulikaa nayo mpaka ikafupika kwa kunolewa, na kila moja tuliijua tabia. Kulikuwa na moja tukiiita Mjomba, kwa sababu ilikuwa nene na haikuwa na haraka na mtu.

Mimi nilikuwa dresa. Neno hilo limekufa, basi nieleze: dresa ni yule anayesafisha vidonda, anafunga bandeji, anachoma sindano, na daktari akiwa mbali anaitwa dakta na wote wanajifanya kuamini. Kazi nimeifanya kwenye zahanati ya misheni kule tambarare, unaposhuka kutoka Gonja kuelekea Maore. Jina la zahanati naliacha, maana kosa nitakalosimulia ni langu, halina haja ya kubandikwa kwenye ukuta wa watu. Kwetu ni mlimani, kwa Walutheri, nimekuzwa kwa makande na katekisimu, na siku ya kwanza niliposhuka na sanduku langu la bati joto lilinipokea nikadhani naumwa.

Wiki ile ile nikavunja mabomba manne ya sindano. Enzi hizo bomba lilikuwa la kioo. Mimi kwa akili zangu nikasubiri maji yachemke kwanza, ndipo nikayatumbukiza. Pa! Pa! Pa! Pa! Mama Nakijwa akatoka chumba cha uzazi na glavu mikononi, akaangalia sufuria, akaniangalia mimi.

"Elisante," akasema, "kwenu mlimani chai mnaipika kwa kutupa birika motoni?"

"Hapana, Mama."

"Kioo kinaingia kwenye maji baridi. Kinapata moto pamoja na maji. Wewe ukitupwa kwenye maji ya moto utalia, sembuse kioo?"

Mama Nakijwa ndiye aliyenifundisha kazi. Nesi na mkunga, mfupi, mikono mipana. Nusu ya tarafa ilizaliwa mikononi mwake na nusu nyingine alishaifokea. Yeye ndiye aliyekuwa na utaratibu wa nyimbo, na hapo ndipo penyewe.

Sindano zilitakiwa kuchemka dakika ishirini kamili, kuanzia maji yanapotokota. Lakini tulihesabu kwa nini? Saa ya mkononi hatukuwa nayo. Saa ya ukutani waliyoiacha wazungu wa misheni ilikufa kwa vumbi muda si mrefu baada ya Uhuru. Ila kabla haijafa, Mama alishaiwekea akiba: aliimba mbele yake wiki nzima, akaona kwamba nyimbo tano za kitabuni, beti zote, bila kukimbia, ni dakika ishirini na kidogo. Akachagua tano, akazipanga. Ya kwanza ya asubuhi, ya pili ya shukrani, ya tatu na ya nne sina haja ya kuzieleza, na ya tano ilikuwa ya Kwaresima, ndefu hiyo, beti nane, mpaka wagonjwa wengine walipona wakiwa bado wanaisubiri. Ikiisha, ndipo kifuniko kinafunguliwa.

Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nawasha jiko la mafuta ya taa, nasali na wagonjwa pale kwenye benchi, maji yakitokota naanza kuimba. Na watu walikuwa wanaitikia! Wapare kwa kuimba hatuhitaji kualikwa. Mpaka na manamba wa shamba la mkonge, waliotoka Kigoma na Songea na kote huko, wakazijua zote tano. Mmoja alikuwa Mzee Ramadhani, mkata mkonge, Mwislamu wa swala tano, anatibiwa kifua kikuu. Sindano zake zilikuwa Jumanne na Ijumaa, kwa miezi. Sauti yake ya besi ilikuwa inatikisa chupa za dawa. Nilimwuliza siku moja, "Mzee, hizi si nyimbo zenu, zinakupa raha gani?"

"Maneno ni yenu, sauti ni yangu," akasema. "Na mimi bila ule ubeti wa mwisho sichomwi. Mama Nakijwa kaniambia hapo ndipo wadudu wanapokufa."

Hakuna aliyeweza kumtoa kwenye hilo.

Wakati watu wanasogezwa kwenye vijiji vya ujamaa alikuja katibu wa kijiji, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akasema zahanati sasa ni ya wananchi wote, kwa hiyo tuimbe nyimbo za kujenga taifa. Mama hakubishana. Alimwomba tu saa yake ya mkononi. Tukaimba. Ehee! Zile nyimbo za mchakamchaka, makofi na vigelegele, zinakwisha kabla hujashika pumzi. Tukafika ya kumi na moja, katibu mwenyewe jasho linamtoka kwa kupiga makofi, dakika ishirini bado. Na asubuhi ile alikuwa na homa, anasubiri sindano yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, rudini kwenye zile ndefu." Mambo ya siasa yaliishia hapo.

Sasa niwaambie nililokuja kuwaambia.

Watu walipokaa pamoja, nyumba kwa nyumba, surua nayo ikapenda kukaa pamoja. Masika moja ilituingia. Ninyi mnaijua surua kwa kuisoma, maana chanjo imewafichia. Mungu awape msiijue zaidi ya hapo. Mnaona nimesema Mungu? Ulimi ni mzee kuliko mimi, mwacheni.

Benchi lilijaa, tukalaza watoto kwenye mikeka, mikeka ikaisha, tukatandika kanga za mama zao. Macho yameziba, midomo imepasuka, vifua vinakoroma. Dawa ya surua yenyewe haikuwepo. Tulikuwa na penisilini ya kichomi kinachokuja nyuma yake, maji ya chumvi na sukari, na sala. Mimi sala nilizitoa bila kubana. Nilikuwa kijana, nina imani ya kubeba gunia.

Kulikuwa na mama jirani yangu, Mama Elia. Alikuwa na watoto wanne. Watatu wakaugua pamoja: Elia mwenyewe, na wadogo zake wawili. Nilipiga magoti naye pale sakafuni, nikamshika mkono, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasimama nilipo. Nilimwambia, "Mama Elia, wewe amini tu. Atasikia. Nakuhakikishia watapona."

Nani aliniambia nihakikishe? Hakuna. Nilihakikisha tu.

Watatu wote walikufa ndani ya siku tisa. Kaburi la Elia nilisaidia kulichimba nikiwa na koti langu la kazi, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kubadili. Siku ya kumzika wa tatu Mama Elia alinifuata, hakulia, hakupiga kelele. Akaniuliza, "Dakta, ulisema atasikia. Ni lipi ambalo hakulisikia? Tulisema polepole?"

Wanangu, nimekuwa na miaka mingi ya kulitafuta jibu na bado sina.

Kesho yake asubuhi nikawasha jiko. Wagonjwa wakainamisha vichwa wakinisubiri nisali. Nikafungua kinywa, nikakuta hakuna mtu upande wa pili. Nieleweni vizuri, haikuwa hasira. Mtu mwenye hasira ana mtu wa kumkasirikia. Mimi nilikuta kimya tu. Nikawaambia wagonjwa kila mtu asali moyoni mwake, maji yakatokota, na mimi nikanyamaza. Niliona aibu kuimba maneno ambayo nimeshayafukia pamoja na watoto wa watu. Nikawa nakadiria. Nikichoka kusimama nasema, aah, zimechemka.

Mama Nakijwa hakusikia hayo, maana masika yale alishinda kwenye nyumba za watu, akizunguka na mkoba wake. Mzee Ramadhani ndiye aliyegundua. Alikuja Jumanne, akakaa, akasubiri.

"Dakta, mbona leo kimya?"

"Koo linaniuma, Mzee."

"Pole. Basi pumzika, nitaimba mimi." Akashika kifuniko cha sufuria kwa mkono wake, akaimba zote tano peke yake, na ya Kwaresima akaiongezea ubeti kwa kukosea. Ijumaa vile vile. Mimi nikasimama pembeni namwonea gere. Mwislamu mzima anaimba Kwaresima yetu na mimi wa katekisimu nimekaukiwa.

Wiki ya tatu majipu yakaanza. Mtu amechomwa tako Jumatatu, Jumamosi anarudi anatembea upande. Wa kwanza nikasema bahati mbaya. Walipofika saba nikaacha kusema. Na ninyi mnatujua Wapare: jogoo akivuka mpaka wa shamba tunakwenda mahakamani, sembuse jipu. Wazee wawili wakaanza kuulizana hadharani mashtaka yanaandikwaje.

Wa nane alikuwa Nakunda. Huyu ndiye mtoto wa nne wa Mama Elia, wa mwisho, wa miaka minne, ndiye pekee aliyebaki. Surua ilimpitia kwa juu juu, kikamshika kichomi, nikamchoma penisilini pajani, kichomi kikapona. Mama yake alinishukuru! Alikuja asubuhi na yai, akanishukuru. Siku ya nne paja likavimba likawaka moto, siku ya sita mtoto hajui aliko.

Mama Nakijwa akampasua. Usaha ulijaa kikombe cha chai. Alipomaliza kufunga akamlaza mtoto kwa mama yake, akanawa mikono, akaniita kwenye chumba cha dawa, akafungua daftari la wagonjwa.

"Waliochomwa Jumatatu, majipu matatu. Jumatano mawili. Alhamisi matatu, na Nakunda yumo. Jumanne hakuna. Ijumaa hakuna." Akalifunga daftari. "Jumanne na Ijumaa anakuja nani?"

"Ramadhani," nikasema.

"Elisante. Umeacha kuimba."

Nikamwambia yote. Nililia, sioni haya kuwaambia. Nikasema, "Mama, siamini tena. Siwezi. Nikifungua kinywa naona ni uongo." Nilitegemea anifukuze, au apige magoti aniombee, na sijui lipi lingeniuma zaidi.

Mama akakaa juu ya katoni ya chupa za maji. Naye alikuwa amechoka, masika yale alifunga macho ya watoto wengi kuliko mimi.

"Kuamini au kutoamini, hilo ni lako na Yeye, mtamalizana," akasema. "Majipu ni yako na mimi. Nilipokupokea hapa sikukuomba imani. Niliomba mikono na sauti."

"Lakini Mama, mtu asiyeamini ataimbaje?"

"Ramadhani anaamini Kwaresima?"

"Hapana."

"Sindano zake zina jipu?"

Akasimama, akanipa sufuria.

"Sasa nenda ukamwambie yule mama jipu hili ni la nani. Usiposema wewe nitasema mimi, na mimi nitasema vibaya."

Ndugu zangu, nimewahi kukutana na chui njiani wakati wa kupanda mlimani. Afadhali chui. Mama Elia alikuwa amekaa chini, kichwa cha Nakunda mapajani. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, "Jipu hili ni langu. Sikuchemsha sindano vizuri. Nilinyamaza kuimba kwa sababu imani yangu imekwisha, na muda nikaupunja." Sikumwambia atapona. Hilo nilishajifunza.

Akaivuta kanga, akamfunika mtoto miguu. Kisha akauliza, "Kidonda kinasafishwa kila siku?"

"Kila siku."

"Utakuja wewe?"

"Nitakuja."

"Basi uje."

Homa haikushuka siku ya kwanza, wala ya tatu. Barabara ya kupanda kwa daktari mkubwa ilikuwa imekatika kwa mvua. Vijana wa kijiji walishakata miti ya kutengenezea machela, wambebe kupanda mlima kwa zamu kama hali itazidi. Kila siku baada ya kazi nilikwenda nyumbani kwao na koleo, mkasi na bandeji, natia kwenye maji baridi, nateleka juu ya mafiga yake, na yakianza kutokota naimba. Zote tano. Beti zote. Sauti ilikuwa inatoka ina mikunjo, lakini ilitoka. Sikumwona mtu upande wa pili, sikumtafuta. Nilikuwa naangalia mapovu ya maji.

Siku ya tano nimefika katikati ya ile ya Kwaresima, Mama Elia akaacha kukoroga makande.

"Wewe si uliniambia huamini tena?"

"Ndiyo."

"Sasa unamwimbia nani?"

"Namwimbia koleo," nikasema.

Akanitazama. Halafu akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla mpaka mwiko ukaanguka, akacheka, akalia, akacheka tena, na Nakunda kwenye mkeka akafumbua macho akauliza mnacheka nini, na anataka makande. Mtoto anayetaka makande homa imemwachia, hilo hata kitabuni halimo lakini liandikeni. Vijana walizitumia zile fito za machela kujengea banda la mbuzi.

Nilimsafisha kidonda wiki sita. Mara moja watu wakaanza kumwita mama yake Mama Nakunda, wakidhani wanamhurumia. Akawakemea: "Mimi ni Mama Elia. Elia hakuacha kuwa mwanangu." Nami namwita hivyo hivyo mpaka leo. Yeye alirudi kanisani kabla ya mwaka kwisha, anakaa mstari wa mbele. Mimi niliyezika watoto wasio wangu ndiye ambaye sikurudi. Tumebishana juu ya hilo miaka yote hii, kwa chai na bila chai, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Nyimbo nami sikuziacha tena. Niliziimba kila asubuhi ya kazi mpaka nilipostaafu. Kijijini nikaonekana mcha Mungu wa kupigiwa mfano, wakataka niwe mzee wa kanisa. Nikaenda kwa mchungaji nikamweleza ukweli wangu. Akakuna kidevu, akasema, "Uzee wa kanisa basi, tuuache. Lakini kwaya uje, besi zimepungua." Nikaenda. Nilimpeleka na Mzee Ramadhani mazoezini mara moja, akawasahihisha watu beti.

Mwaka jana jembe lilinikata mguu nikiwa shambani. Wanangu wakanibeba mpaka kituo cha afya, nikachomwe sindano ya pepopunda. Nani yuko zamu? Nakunda, na sare yake nyeupe, nywele zimeanza mvi, amebakiza miaka michache naye astaafu. Kovu lake pajani linamfanya akisimama sana aegemee upande mmoja. Akaniamkia, "Shikamoo, baba," nikaitika marahaba, akaanza kunigombeza kwa kulima bila viatu. Mafunzo ya Mama Nakijwa yale, yamerithiwa bila hata kuonana darasani.

Akachukua sindano kwenye karatasi yake. Na mimi, bila kukusudia, nikaanza kuimba chini chini.

"Baba," akasema, "siku hizi hatuchemshi."

"Najua."

"Na mama anasema mpaka leo huamini."

"Mama yako hasemi uongo."

"Sasa unamwimbia nani?"

Miaka ile nilimjibu mama yake kwa mzaha. Safari hii mzaha haukuja.

"Nakuimbia wewe," nikasema. "Siku ile sikukuimbia."

Nje kulikuwa na foleni ya watu, na mmoja alikuwa anagonga mlango. Nakunda akairudisha sindano kwenye trei bila kuichana, akavuta kiti, akakaa.

"Malizia kwanza," akasema.

Nikaimba zote tano, na ile ya Kwaresima beti nane. Ndipo akasimama akachana karatasi, akanichoma. Iliuma kidogo. Jipu halikutoka.